Mahamri ya Kujaza: Kitoweo Kiko Garissa

Chakula hakiombi ruhusa ya kuvuka mpaka. Hupanda chombo pamoja na nahodha, hufuata msafara wa ngamia, hujificha katika mzigo wa bibi harusi anayepelekwa kwa watu, na baada ya miaka kikawa cha mwenyeji. Biriani ilitufikia hivyo, na chapati, na sambusa, na halua. Wala hakuna mtu wa Pwani anayevila leo akajiona yuko ugenini. Kwa hiyo makala haya hayakuandikwa ili kuwakemea vijana na akina mama wanaopenda kuandaa nyumbani ile sandwichi ya Kitaliani ya unga uliokaangwa, ambayo hupasuliwa ingali moto na kutiwa nyama ndani yake.

Linalotakiwa kusemwa hapa ni jambo jingine. Mkate huo tunao tangu zamani, nao ni mahamri. Kitoweo kinachoufaa, tena kinachoufaa Muislamu kuliko kile cha huko ulikotoka, tunacho pia. Kiko Garissa, na jina lake ni nyirinyiri. Basi ni hasara kwetu, hasara ya mfuko na ya dini na ya ujirani, kukitafuta mbali kitu chenye shaka hali kile kilicho safi kiko kwa jirani.

WATALIANI HUFANYAJE?

Tuanze kwa kumpa mwenye mali haki yake. Katika jimbo la Emilia-Romagna, kaskazini ya Italia, kuna mkate mmoja ambao karibu kila mji una jina lake la kuuitia. Watu wa Modena na Reggio Emilia huuita gnocco fritto, wale wa Parma huuita torta fritta, na wale wa Bologna huuita crescentina. Unga wa ngano hukandwa kwa maji au maziwa, pamoja na chumvi, hamira na mafuta kidogo. Huachwa upumzike, kisha ukasukumwa, ukakatwa vipande vya pembe nne, na vipande vikatumbukizwa katika mafuta yaliyopata moto sawasawa. Hapo hufura, ndani ukabaki uwazi. Huletwa mezani moto moto, ukapasuliwa, ukatiwa nyama iliyokatwa nyembamba kama karatasi, na pengine jibini laini. Huko kusini ya nchi hiyo wanao ndugu zake: watu wa Puglia wana panzerotto, ambayo hujazwa nyanya na jibini kabla ya kukaangwa, na watu wa Napoli wana pizza fritta.

Mama yeyote wa Lamu au wa Mombasa akiyasoma maelezo hayo atacheka. Kukanda, kuumua, kusukuma, kukata, kukaanga mpaka ufure na kuwa mtupu ndani: hiyo si kazi aliyoifanya tangu alipokuwa msichana wa kumsaidia nyanya yake jikoni? Sisi hukandia tui la nazi badala ya maziwa, hutia iliki na sukari, na hukata pembe tatu badala ya pembe nne. Basi. Mkate ni ule ule, na hatuna haja ya kuufunza mkono wetu jambo ambalo mkono unalijua.

Tofauti kubwa haiko katika mkate. Iko katika mafuta na katika nyama. Kwa desturi ya watu wa Emilia, mafuta ya kukandia na ya kukaangia ni mafuta ya nguruwe, ambayo wao huyaita strutto. Nyama ya kutia ndani, iwe ni prosciutto au salame au mortadella, kwa kawaida ni ya nguruwe vile vile. Siku hizi wako wengi huko wanaokaangia mafuta ya mimea, lakini mla hawezi kujua kwa kutazama.

Nalitaja jambo hili kwa sababu wako ndugu zetu wanaodhani kwamba wakiiondoa nyama na kutia jibini pekee mambo yamekwisha. Hayajaisha. Mkate wenyewe umekunywa mafuta. Yafaa kila mmoja wetu anayekaa Ulaya kwa kazi au masomo, na yeyote anayekaribishwa meza ya Mtaliani hapa kwetu, aulize habari ya mafuta kwanza na habari ya nyama baadaye. Na kwetu Pwani suala hili si la mbali. Wataliani wamekaa Malindi tangu miaka ya 1960. Huko Ngomeni walijenga kituo chao cha San Marco, wakarusha setilaiti kutoka baharini mwaka 1967, na baada yao wakaja watalii na wenye mahoteli, hata leo kijana wa Malindi husema Kitaliani bila ya kukisoma darasani. Kuuliza si kumtukana mwenyeji. Muungwana huuliza, na muungwana mwenzake humjibu.

WALIOTUTANGULIA

Lakini sisi si Waislamu wa kwanza wa Afrika Mashariki kukutana na sahani ya Mtaliani. Wametutangulia jirani zetu Wasomali, nao wana funzo la kutupa.

Msomaji akumbuke kwamba nchi ya Jubaland, pamoja na mji wake wa Kismayu, ilikuwa chini ya Waingereza na ikihesabiwa pamoja na Kenya. Kwa mkataba wa mwaka 1924 Waingereza waliitoa kwa Italia, na mwaka 1925 bendera ikabadilishwa. Yalikuwa ni malipo, kwa kuwa Italia iliingia upande wao katika Vita Vikuu vya kwanza. Mstari ukapigwa katikati ya malisho. Huyu akawa wa Mwingereza, shemeji yake akawa wa Mtaliani, na hakuna aliyemuuliza mtu wala ngamia. Lakini mstari huo haukukata ndoa wala biashara. Alichojifunza kupika mwanamke wa Kismayu, dada yake wa Garissa alikipata.

Ndivyo Garissa ilivyopata tambi za Kitaliani, ambazo Wasomali huziita baasto, kutokana na neno pasta. Mchuzi wake wa nyanya na nyama huitwa suugo, kutokana na sugo. Uma huitwa fargeeto, kutokana na forchetta. Jibini ni farmaajo, kutokana na formaggio. Na jina hilo ndilo lililokuwa lakabu ya Mohamed Abdullahi, aliyekuwa Rais wa Somalia kuanzia mwaka 2017 hadi 2022.

Sasa tazama walivyofanya. Walizichukua tambi, wakamwachia Mtaliani nguruwe wake na mvinyo wake. Katika mchuzi wakatia nyama ya mbuzi, ya ng'ombe na ya ngamia. Wakaukoleza kwa hawaash, yaani ule mchanganyiko wao wa bizari nyembamba, dania, iliki, pilipili manga na manjano. Kisha pembeni mwa sahani wakaweka ndizi mbivu, jambo ambalo Mtaliani akiliona hushika kichwa. Leo ukiingia katika mkahawa wa Garissa ukaletewa baasto, hakuna atakayekuambia kwamba unakula chakula cha mkoloni. Ni chakula cha Msomali, kwa sababu yeye ndiye aliyekiamulia kiliwe vipi.

Na sisi tulizichukua tambi kwa njia yetu. Tunazipika kwa sukari, iliki na samli, zikaliwa mwezi wa Ramadhani na siku ya Idi. Nyumba mbili za jirani, kitu kimoja, huyu kakifanya kitamu na yule kakifanya kitoweo. Hilo ndilo funzo lenyewe. Mwenye jiko lake hana sababu ya kuogopa chakula kigeni; anaogopa yule tu ambaye hajui lipi la kuchukua na lipi la kuacha.

JIRANI TUSIYEMJUA

Hapa pana jambo la kusikitisha. Garissa imejengwa ukingoni mwa Tana, na maji yanayopita chini ya daraja lake ndiyo yanayoteremka kupita Hola na Garsen mpaka yakaingia baharini kwetu upande wa Kipini. Ijara imepakana na Lamu. Mkate wetu wa mofa Wasomali wa mwambao wanao, na jina lake kwao ni muufo, tena nao huuoka kwa kuubandika katika tanuri ya udongo. Bur yao ya asubuhi ni mkate wa kukaanga, ndugu wa mahamri. Dini ni moja. Hata hivyo wako watu wengi Mombasa wanaoijua Dubai mtaa kwa mtaa, na Garissa hawajapata kuikanyaga.

Sababu ziko. Wakati wa ukoloni wilaya za mpakani za kaskazini zilifungwa, mtu akawa hawezi kuingia wala kutoka pasipo kibali. Uhuru ulipopatikana ikatangazwa hali ya hatari katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki, mnamo Desemba 1963, na haikuondolewa mpaka mwaka 1991. Baada ya hapo wakaja wakimbizi wa vita vya Somalia katika kambi za Dadaab, na baadaye mashambulizi, hasa ule msiba wa Chuo Kikuu cha Garissa wa tarehe 2 Aprili 2015, walipouawa watu 148. Basi kila Garissa inapotajwa, sisi tunangoja habari za kilio. Ni haki gani hiyo kumjua jirani kwa misiba yake tu, wala tusijue anakula nini?

NYIRINYIRI NI NINI?

Mfugaji anapochinja ngamia au ng'ombe, nyama ni nyingi kuliko watu, jua ni kali, na barafu hana. Kwa hiyo wazee wao walipata hila. Nyama hukatwa vipande virefu vyembamba kama mishipi, ikatiwa chumvi, ikaanikwa juani mpaka ikakauka. Kisha hukatwa tena ndogo ndogo kiasi cha punje ya mahindi, ikakaangwa katika mafuta mpaka unyevu wote utoke. Mwisho huhifadhiwa katika chombo kikavu, ikafunikwa na samli au mafuta yale yale. Nyama iliyotengenezwa hivyo hukaa miezi isiharibike. Hapa Kenya tunaiita nyirinyiri. Katika Kisomali ina majina ya oodkac na muqmad.

Usidhani kwamba hicho ni chakula cha shida tu. Katika sehemu za kaskazini za nchi ya Wasomali na huko Jibuti, muqmad hutiwa katika chombo kiitwacho xeedho, kikavishwa na kufungwa kwa kamba mfano wa bibi harusi, na watu wa upande wa bwana harusi wakapewa mtihani wa kukifungua bila ya kukata kamba. Watu hawafanyi hivyo kwa kitu wanachokidharau.

Na soko la mifugo la Garissa, ambalo ni miongoni mwa masoko makubwa kabisa ya mifugo katika Afrika Mashariki, ndilo linaloilisha miji mingine nyama. Ng'ombe wanaochinjwa Mombasa na Nairobi, wengi wamepitia mikononi mwa wafanyabiashara wa huko. Sisi tunamla ng'ombe wao, lakini ufundi wao wa kuihifadhi nyama yake tumeuacha nyuma.

NAMNA YA KUANDAA

Anayetaka kuanzia mwanzo na aanze na nyama, kwa kuwa inataka siku mbili. Chukua kilo mbili za nyama ya ngamia au ya ng'ombe isiyo na mafuta wala mishipa. Ikate vipande virefu, unene wa kidole kidogo, utie chumvi kiasi. Itundike kwenye kamba safi penye jua na upepo, uifunike kwa kitambaa chepesi cha kuzuia nzi. Hapa lazima mtu wa Pwani aangalie. Hewa ya Garissa ni kavu, ya kwetu ina unyevu wa bahari. Nyama inayokauka huko kwa mchana mmoja, kwetu yaweza kuchacha. Kwa hiyo usifanye kazi hii wakati wa masika. Ngoja siku za jua kali, au ikaushe katika joko kwa moto mdogo sana, mlango ukiwa wazi kidogo.

Ikisha kukauka nje, ikate ndogo ndogo. Teleka mafuta mengi katika sufuria nzito, uikaange polepole huku ukikoroga. Sikiliza sauti yake. Mwanzo mafuta yatapiga kelele, kwa sababu maji yanatoka. Sauti ikitulia na nyama ikawa ya rangi ya kahawa, iko tayari. Tia vijiko viwili vya samli, iliki iliyopondwa na pilipili manga. Usitie kitunguu wala thomu mbichi katika nyama ya kuweka, kwa kuwa vina maji na vitaiharibu. Iache ipoe, itie katika chupa kavu kabisa, na mafuta yaifunike juu. Kwa hewa yetu, mwenye jokofu na aiweke humo. Usishangae ukiona kilo mbili zimekuwa chini ya kilo moja. Kilichopotea ni maji.

Asiyekuwa na nafasi ya hayo yote anaweza kuinunua kwa Wasomali wanaoiuza, au akapika suqaar, yaani nyama iliyokatwa vipande vidogo na kukaangwa pamoja na kitunguu, karoti, pilipili boga na hawaash. Hiyo haikai, lakini hupatikana kwa nusu saa.

Sasa mahamri. Kwa nusu kilo ya unga wa ngano tia kijiko kimoja cha chai cha hamira, nusu kijiko cha chumvi, vijiko viwili tu vya sukari, na kijiko kimoja cha samli. Sukari ya mahamri ya chai hapa haifai. Ikizidi, mkate huungua nje kabla ya kuiva, tena hugombana na nyama. Iliki tia punje mbili tatu zilizosagwa, ya harufu tu. Kandia tui zito lenye uvuguvugu, kiasi cha kikombe kimoja, ukiongeza kidogo kidogo mpaka unga uwe laini usioshika mikono. Kanda kwa muda wa kutosha, funika, uache uumuke mpaka uwe maradufu.

Gawa madonge sita au saba. Sukuma kila donge liwe duara, unene wake uzidi chapati kidogo. Ukisukuma nene mno hamri halitakuwa na uwazi ndani. Ukisukuma nyembamba mno litakuwa kama papari. Kata duara katika pembe nne, uziache zipumzike dakika kumi na tano. Katika karai teleka mafuta ya kutosha mahamri kuelea, uyajaribu kwa kipande kidogo cha unga: kikizama na kuibuka papo hapo, moto umefika. Tia machache machache, na kwa upawa uyamwagie mafuta juu ya migongo yake. Hivyo ndivyo yanavyofura. Geuza, toa, chuja.

Mahamri yangali moto, yapasue upande mmoja kwa kisu, utie vijiko viwili vya nyirinyiri iliyopashwa. Juu yake tia kidogo basbaas, ambayo ni pilipili mbichi iliyosagwa pamoja na nyanya, thomu, dania na maji ya ndimu. Au tia achari yetu ya embe. Ukipenda kachumbari, ichuje maji yake kwanza. Wala usijaze mapema ukaweka. Jaza mlaji akiwa amekaa, kwa kuwa utamu wa chakula hiki ni ule mvunjiko wa hamri moto na ule ugumu kidogo wa nyama. Kwa futari hakuna la kuzidi. Kwa daku, punguza chumvi, usije ukashinda na kiu.

WATAKAOPINGA

Najua kwamba wako watakaosema mahamri ni ya mbaazi, na kuyatia nyama ni kuharibu mila. Nami ni mlaji wa mahamri kwa mbaazi, wala sitaki yaondoke katika sinia ya asubuhi. Lakini tuwe wakweli. Sambusa tuliipokea, tukaitia nyama yetu na bizari yetu. Viazi ambavyo leo tunavifanya karai si mmea wa nchi hii. Mila ya jiko la Pwani ni hiyo hiyo ya kupokea na kutengeneza. Mwacha mila ni mtumwa, ni kweli. Lakini anayeiacha ni yule anayenunua soseji isiyojulikana ilikotoka, akaitia katika mkate wa dukani, akawapa watoto waende nayo chuoni.

Wengine watasema nyama ya ngamia ni ngumu na ina harufu. Ngumu ni ile ya ngamia mzee iliyokatwa kwa urefu wa nyuzi zake. Ikate kwa kukingama nyuzi, tena ndogo, na mwenye meno na asiye na meno wataila. Ama harufu, iliki na samli zimekwisha kuimaliza.

Wengine watasema nyirinyiri ni ghali. Ukiitazama kwa kilo, ndiyo. Lakini hakuna anayekula kilo. Vijiko viwili hutosha hamri moja, na chupa moja huilisha nyumba siku nyingi bila ya kuwasha moto wa nyama kila jioni. Akina mama wanaotoka kazini wakafika nyumbani magharibi wataijua faida hiyo kabla sijaieleza.

Na wako watakaouliza: kwa nini basi usiache tukaiita kwa jina la Kitaliani, ambalo huvutia wateja? Ukitaka kuuza, jina lako ni mali yako. Lakini nyumbani mtoto akifunzwa kwamba hamri likitiwa nyama hugeuka kuwa la Mtaliani, atakua akiamini kwamba kizuri lazima kiwe na mwenyewe mwingine. Msomali hakuona haya kuita baasto kwa neno la kigeni, kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa kigeni. Hamri si geni kwetu. Tuliite hamri.

FAIDA ILIYO KUBWA KULIKO TUMBO

Nimeiacha kwa makusudi hoja iliyo nzito zaidi hadi mwisho. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo nchi kavu za Kenya zisipate mvua ya kutosha. Mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa katika kaunti za ukame, Garissa ikiwa mojawapo. Kisha mwezi wa Novemba 2023 ikaja mvua ya kupita kiasi, Tana ikafurika, na barabara ya Garissa ikakatika pale Madogo. Mfugaji alipigwa na jua, halafu akapigwa na maji.

Katika ukame mambo huenda hivi. Mnyama hukonda, wauzaji huwa wengi sokoni kwa siku moja, bei ikaanguka, na mwishowe mnyama hufa hata kabla ya kupata mnunuzi. Lakini mnyama aliyechinjwa angali na nyama mwilini, ikakaushwa na kukaangwa, thamani yake haifi. Imo katika chupa. Hainywi maji wala haili majani, na yaweza kungoja soko miezi. Wanaoifanya kazi hiyo zaidi ni wanawake, na fedha zake huingia mkononi mwao moja kwa moja, zikawa karo na dawa. Kinachowapungukia si ufundi, ni mnunuzi. Na mnunuzi mwenye dini moja nao, asiye na shaka na uchinjaji wao, mwenye mahamri tayari katika karai lake, yuko mwisho wa mto ule ule.

Simwombi mtu atoe sadaka. Sadaka ina mahali pake, na wakati wa njaa ni wajibu. Nasema habari ya biashara ya halali baina ya jirani na jirani, ambayo mmoja anapata chakula kizuri na mwingine anapata bei. Wenye maduka ya Majengo, Kisauni, Malindi na Lamu na waagize chupa chache kwa majaribio. Wauzaji wa Garissa nao wafanye lao: chupa iwe safi, iandikwe tarehe ya kutengenezwa, isemwe ni nyama ya mnyama gani, kwa sababu mnunuzi wa mbali hana uso wa muuzaji wa kuutazama. Chema chajiuza, lakini kwanza lazima kionekane.

Ama akina mama na dada zetu, wao hawana haja ya kungoja duka wala serikali. Ijumaa ijayo, mahamri yakishachujwa, wayaweke machache kando ya yale ya mbaazi, wayapasue, wayatie nyama. Waanze kwa Bismillahi, wawape wazee wa nyumba waonje kwanza, kisha wasikilize watasema nini.